Kufuata Njia ya Maji: Tathmini ya OPM Flow na ResInsight kwa Hifadhi Kongwe ya Mafuta

Mhandisi anayesimamia hifadhi ya mafuta iliyozeeka, yaani miamba ya chini ya ardhi iliyobeba mafuta, anajua vizuri kiasi cha maji alichoingiza ardhini, kwa sababu mita ya pampu imekiandika. Asichokijua ni maji hayo yamekwenda wapi. Tathmini hii inahusu programu mbili za bure zinazoweza kumsaidia kulijibu swali hilo: OPM Flow, ambayo huiga mwendo wa mafuta, gesi na maji ndani ya miamba, na ResInsight, ambayo huyaonyesha matokeo ya uigaji huo kwa picha za pande tatu na kwa grafu. Nimezitumia pamoja kwa miezi kadhaa juu ya data ya uwanja wa Norne wa nchini Norway. Naandika kwa sababu maelezo mengi yaliyopo kuhusu programu hizi yanawalenga watunzi wa programu, ilhali mtu wa visima hutaka kujua jambo moja tu, yaani kama zitamwonyesha mafuta yaliyobaki nyuma na namna ya kuyafikia.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Uwanja mpya wa mafuta huwa na shinikizo lake la asili, na shinikizo hilo likishuka mafuta hupunguza kasi ya kuja visimani. Njia ya zamani na iliyoenea zaidi ya kulilinda ni kuingiza maji kupitia visima maalumu, ili maji hayo yajaze nafasi iliyoachwa na mafuta na papo hapo yasukume mafuta mengine kuelekea visima vya uzalishaji. Yeyote aliyewahi kumwagilia shamba kwa mfereji anaijua kasoro ya mpango huu: maji hayana habari na mahindi yako, yanafuata mteremko na mashimo ya panya, na matuta ya juu yanabaki makavu huku kona ya chini ikigeuka tope. Chini ya ardhi, mashimo ya panya ni matabaka membamba yenye upenyekaji mkubwa, yaani yanayopitisha majimaji kwa wepesi, na maji yakishaipata njia hiyo kutoka kisima cha kuingizia hadi kisima cha uzalishaji, kila pipa linalofuata hupita palepale, likapandishwa juu, likatenganishwa na mafuta kwa gharama, kisha likarudishwa chini kuanza mzunguko uleule. Mnato, yaani ugumu wa kutiririka, nao huongeza tatizo, kwani mafuta yakiwa na mnato mkubwa kuliko maji, maji huyapita kama bodaboda inavyolipita lori mlimani, yakafika kisimani mapema na kuyaacha mafuta mengi njiani.

Hifadhi yenye jiolojia iliyovurugika huongeza jambo la tatu, nalo ni mipasuko ya miamba, yaani sehemu ambazo matabaka yalikatika na upande mmoja ukateremka kuliko mwingine. Mpasuko mmoja unaweza kuwa ukuta usiopitisha kitu, mwingine ukawa mlango ulioachwa wazi nusu, na wa tatu ukafungua hapa na kufunga pale kulingana na tabaka lililokutana na jingine. Picha za mitetemo ya ardhi huonyesha mahali mpasuko ulipo. Haziwezi kusema kwa uhakika kama unapitisha maji. Hapo ndipo uigaji unapoingia, na hapo ndipo programu nyingi za darasani hushindwa, kwa sababu mifano yake ina umbo la tofali.

Norne haina umbo la tofali. Uwanja huu uko katika Bahari ya Norway, mahali ambapo kina cha bahari ni kama mita 380, uligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ulianza kuzalisha Novemba 1997 kupitia meli ya uzalishaji iliyotiwa nanga juu yake. Miamba yake ni mawe mchanga ya enzi ya Jura, katika matabaka yanayoitwa Garn, Ile, Tofte na Tilje, na kati ya Garn na Ile kuna tabaka jembamba la Not lililofanya kazi ya kizuizi. Safu ya mafuta ilikuwa na unene wa takriban mita 110, na juu yake safu ya gesi ya mita 25. Uwazi wa vinyweleo katika mwamba ni kati ya asilimia 25 na 30, ambao ni mzuri sana, lakini upenyekaji unaanzia milidasi (kipimo cha upenyekaji) 20 hadi 2,500, maana yake sehemu moja hupitisha maji kwa wepesi unaoizidi nyingine zaidi ya mara mia. Mwanzoni waendeshaji waliingiza gesi pamoja na maji. Uingizaji wa gesi ulikoma mwaka 2005, na maji yakabaki kuwa msukumo wa kutegemewa. Ukiyasoma hayo utaona kwa nini uwanja huu unawafaa wanaojifunza uokoaji wa mafuta kwa maji: una tofauti za matabaka, una kizuizi, una mipasuko, una gesi ya kuchanganya hesabu, na una historia ya kweli ya visima halisi.

Modeli iliyotolewa kwa umma imeigawa hifadhi katika vipande vidogo viitwavyo seli, kwa gridi ya seli 46 kwa 112 kwa 22, jumla seli 113,344, na zaidi ya 44,000 kati ya hizo ndizo zinazoshiriki katika hesabu. Historia ya uzalishaji iliyomo inaishia Desemba 2006. Kwamba kampuni ya mafuta na washirika wake waliachia data ya uwanja uliokuwa bado unazalisha, ili wanafunzi na watafiti wa popote waichezee, ni jambo ambalo katika biashara hii ya siri huonekana kwa nadra, na kwa maoni yangu ndilo linaloipa programu ya Flow nusu ya thamani yake.

Sasa nije kwenye bidhaa yenyewe. Flow hutengenezwa chini ya mpango unaoitwa Open Porous Media, wenye wachangiaji kama taasisi za utafiti za SINTEF na NORCE na Equinor, kampuni ya mafuta iliyokuwa ikiitwa Statoil hadi mwaka 2018. Ni programu huria chini ya leseni ya GPL toleo la 3, hivyo huna ada ya kulipa wala ufunguo wa kuomba, na ukitaka kuona jinsi mlinganyo fulani ulivyoandikwa unafungua msimbo na kusoma. Inasoma faili za data katika muundo uleule wa Eclipse, programu ya kibiashara ambayo wahandisi wengi wameizoea, na huandika matokeo katika muundo huohuo. Uamuzi huo ni wa busara kuliko unavyoonekana, kwa sababu mtu aliyejifunza kuandika data ya visima miaka ishirini iliyopita hahitaji kuanza upya, na modeli za zamani zilizokaa kwenye kabati la kompyuta zinaweza kuendeshwa tena baada ya marekebisho madogo.

Kuisakinisha kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, kulinichukua muda mfupi, kwa kuwa vifurushi vilivyo tayari vipo. Kwenye Windows lazima upitie mazingira ya Linux yaliyomo ndani yake, jambo linalowezekana ila linahitaji uvumilivu kwa asiyewahi kuandika amri. Hakuna vitufe. Unafungua dirisha la amri, unaandika jina la programu na jina la faili, kisha unaziangalia hatua za muda zikipita moja baada ya nyingine. Kwa modeli ya Norne, kompyuta ya mkononi ya kawaida huimaliza historia yote ya miaka tisa kwa muda wa kunywa kikombe cha chai au viwili, na ukiwa na viini kadhaa vya kuchakatia unaweza kuigawa kazi kati yake. Hesabu inapokataa kukubaliana, Flow hukata hatua ya muda ikawa fupi na kujaribu tena bila kukusumbua. Faili lake la kumbukumbu hata hivyo linakuambia ni wapi ilipata taabu, na nimejifunza kuzisoma sehemu hizo, kwa maana mara nyingi zinaonyesha kisima kilichofungwa ghafla au seli nyembamba mno karibu na mpasuko.

Jambo lililonifurahisha ni ukali wake katika kusoma data. Ikikuta neno la amri isilolijua au isiloliunga mkono, kwa kawaida husimama na kulitaja pamoja na mstari lilipo. Unaweza kuilegeza kwa chaguo maalumu, lakini sishauri, hasa kwa modeli za zamani zenye amri zisizotumika tena. Afadhali ulijue pengo mapema kuliko kuyaamini matokeo ambayo sehemu ya fizikia imerukwa kimyakimya.

Thamani kubwa ya jozi hii, hata hivyo, inaonekana unapofungua matokeo katika ResInsight. Programu hii nayo ni huria, inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na ilitengenezwa na kampuni ya Ceetron kwa kushirikiana na Equinor. Wengi huitumia kama dirisha la kutazamia rangi za shinikizo na ujazo wa maji, na hapo huwa wamekula ganda la embe wakaacha nyama. Sehemu inayostahili muda wako ni uchunguzi wa mtiririko. Ukichagua tarehe moja, programu huchukua mtiririko kati ya seli na seli katika tarehe hiyo, kisha hukokotoa muda ambao maji yangetumia kusafiri kutoka kila kisima cha kuingizia hadi kila seli, na kutoka kila seli hadi kisima cha uzalishaji. Kutokana na hilo hugawa hifadhi yote katika himaya: hapa panasukumwa na kisima hiki, pale panavutwa na kile, na katikati kuna eneo lisilosukumwa na yeyote.

Hapo ndipo swali la mwanzo linapopata jibu la namna fulani. Unaweza kuona kwamba kisima kimoja cha kuingizia kinapeleka sehemu kubwa ya maji yake kwa jirani mmoja ambaye tayari anapandisha maji matupu, wakati jirani mwingine mwenye mafuta anapata matone. Kuna pia grafu inayolinganisha uwezo wa kupitisha na uwezo wa kuhifadhi wa njia zote za mtiririko, pamoja na kipimo cha Lorenz ambacho hukaribia sifuri maji yakifagia sawasawa na hukaribia moja maji yakikimbilia njia chache. Kwa uzoefu wangu, namba hiyo moja ni zana nzuri ya kulinganisha mipango. Ukihamisha maji kutoka kisima kimoja hadi kingine na kipimo kikashuka, una sababu ya kuendesha uigaji mrefu wa utabiri. Kikipanda, umejiokolea muda. Kuhamisha maji kati ya visima vilivyopo ndilo boresho la bei nafuu kuliko yote katika uwanja mkongwe, kwa sababu halihitaji mtambo wa kuchimba bali mkono wa kufungua na kufunga vali, na nimeshangaa ni mara ngapi huachwa nyuma ya mapendekezo ya kemikali na visima vipya.

Onyo mbili hapa. Ya kwanza ni ndogo: agiza mapema katika faili la data kwamba mtiririko kati ya seli uandikwe kwenye matokeo. Mimi nilisahau mara ya kwanza nikalazimika kuendesha upya. Ya pili ni kubwa: uchunguzi huu ni picha ya siku moja. Unachukulia kwamba mtiririko wa siku hiyo ungeendelea vilevile milele, jambo ambalo halitokei, kwani ujazo wa maji hubadilika, visima hufungwa na shinikizo hupanda na kushuka. Kwa hiyo nautumia kuchagua mawazo, kisha kila wazo lililobaki nalipima kwa Flow kwa miaka kamili. Anayeripoti himaya za rangi kwa wakubwa wake kama utabiri wa mapipa anajitafutia aibu.

Nilitumia muda mrefu zaidi kwenye mipasuko. Katika modeli ya Norne, uwezo wa kila mpasuko kupitisha majimaji umewekwa kwa kizidishio, yaani namba inayozidishwa na mtiririko ili kuupunguza au kuuongeza, na vizuizi vya wima kati ya matabaka vimewekwa kwa ramani za vizidishio vilevile. Kwa Flow ni rahisi kubadilisha namba moja, kuendesha tena, na kulinganisha mistari miwili ya uzalishaji katika ResInsight. Nilichagua mpasuko ulio kati ya kisima cha kuingizia na kisima cha uzalishaji, nikaufunga karibu kabisa katika jaribio moja na kuufungua katika jingine. Jumla ya mafuta ya uwanja mzima katika historia haikuonyesha mtikisiko wa kutisha, lakini tarehe ya maji kufika katika visima vya jirani ilihama, na ramani ya mafuta yaliyobaki pembezoni mwa mpasuko ikabadilika sura. Ndiyo kusema modeli mbili zinaweza kuikubali historia ileile kwa usawa na bado zikakupeleka kuchimba mahali pawili tofauti.

Kwa sababu hiyo siwezi kumshauri mtu yeyote atumie modeli moja iliyooanishwa na historia kisha akalala. Flow inafanya kazi vizuri na programu nyingine huria ya Equinor iitwayo ERT, ambayo huendesha kundi la modeli zenye namba tofauti za mipasuko, upenyekaji na mipaka ya majimaji, na kuzisogeza zote pamoja kuelekea vipimo vya visima bila kulazimisha zifanane. Hapo ubure wa Flow unaonekana faida yake ya kweli. Programu ya kibiashara inayotoza leseni kwa kila uendeshaji wa wakati mmoja hukulazimisha uwe bahili wa majaribio. Ukiwa na Flow, kikomo chako ni kompyuta na umeme. Kwa hifadhi yenye mashaka mengi ya kijiolojia, majaribio mia moja ya wastani yananipa picha ya kuaminika kuliko jaribio moja lililopambwa.

Kuhusu kemikali nitasema kwa ufupi. Flow ina modeli ya polima, kemikali ambayo huongeza mnato wa maji ili yasiyapite mafuta kwa urahisi, na ina vifuatiliaji vya kuyapa maji ya kila kisima alama yake. Nimevijaribu vyote viwili, na vinafanya kazi. Modeli ya polima inahitaji data ya maabara kuhusu kushikamana kwake na mwamba na jinsi inavyoharibika, na asiyekuwa na data hiyo atakuwa anapaka rangi juu ya ubao mbovu. Vifuatiliaji, kwa upande mwingine, havihitaji data yoyote mpya na ni msaada mkubwa wa kuthibitisha kile ambacho uchunguzi wa mtiririko umedokeza.

Kasoro zipo. Flow haikutengenezei modeli ya kijiolojia; gridi, matabaka na mipasuko lazima vitoke kwingine, na kazi hiyo bado imeshikwa zaidi na programu za gharama kubwa. Kutoka historia kwenda utabiri ni daraja lenye mbao zilizolegea: katika historia kila kisima huambiwa kiasi kilichopimwa, katika utabiri huambiwa mipaka ya shinikizo na uwezo wa mitambo, na usipokuwa makini uzalishaji huruka ghafla siku ya mabadiliko kana kwamba uwanja umefufuka. Programu haitakuzuia kufanya kosa hilo. Mwongozo wake ni kamili na mnene, unazidi kurasa elfu moja, lakini umepangwa kama kamusi ya amri, kwa hiyo humjibu anayejua anachouliza na humwacha gizani mgeni. Matoleo mapya hutoka mara mbili kwa mwaka, takriban Aprili na Oktoba, na ni vizuri kuandika katika ripoti yako toleo ulilotumia, kwani marekebisho ya namna hesabu inavyotatuliwa yanaweza kusogeza matokeo kidogo.

Nani atumie? Wenzangu wa Tanzania, ambako Songo Songo na Mnazi Bay ni viwanja vya gesi, hawana kwao uwanja mkongwe wa mafuta unaosukumwa kwa maji wa kujifunzia, na kwao Norne ni mwalimu wa karibu kuliko safari ya ng'ambo. Kwa Uganda jambo hili lina haraka zaidi, kwa sababu miradi ya mafuta ya Tilenga na Kingfisher imepangwa na visima vya kuingizia maji tangu mwanzo. Kingfisher peke yake imepangiwa visima 31, 20 vya uzalishaji na 11 vya kuingizia. Mafuta ya huko yana nta nyingi, na mhandisi kijana atakayeanza kazi leo ndiye atakayeulizwa maji yamekwenda wapi viwanja hivyo vitakapozeeka. Chuo chenye maabara ya kompyuta za kawaida kinaweza kufundisha somo hili lote bila kulipia leseni hata moja. Kampuni ndogo ya ushauri nayo itafaidika, ila ijue kwamba hakuna dawati la msaada la kupigia simu saa nane usiku. Kuna jamii ya watumiaji na watunzi wanaojibu maswali kwa kadiri ya nafasi yao.

Kwa anayetaka kuanza, nashauri asianze na Norne. Katika mifano inayotolewa pamoja na Flow kuna SPE1, modeli ndogo ya majaribio yenye seli 300 tu, inayofaa kwa kuhakikisha kwamba programu imesakinishwa sawasawa. Baada yake kuna SPE9, yenye seli 9,000, kisima kimoja cha kuingizia maji na visima 25 vya uzalishaji. Fungua SPE9 katika ResInsight, washa uchunguzi wa mtiririko, na uhesabu ni visima vingapi kati ya hivyo 25 vinavyoguswa kwa kweli na kile kisima kimoja cha maji.